Jina la Mama Yangu Limeingia Nyumba Nyingine

Wewe unayenisikiliza, jina lako ni la nani? Sijauliza unaitwa nani, hiyo utaniambia baadaye tukinywa chai. Nauliza ulipewa la mtu gani, na huyo mtu alikuwa anatembea namna gani, alikuwa anapenda kula nini, alikuwa wa hasira ama mpole. Zamani kwetu Ukambani hakuna mtu angeshindwa kujibu. Mimi ni Nduku, na Nduku wa kwanza alikuwa mama ya baba yangu, mwanamke mfupi aliyekuwa anaongea na mbuzi zake kama majirani. Hata leo nikianza maneno yangu mingi, wazee wa kule Mutomo nilikozaliwa wanacheka, wanasema mwacheni, huyo si yeye, ni yule wa zamani. Jina lilikuwa hivyo. Lilikuwa mtu amekaa ndani ya mtu. Siku hizi nauliza mtoto, wewe ni wa nani, ananiambia mamake aliona jina kwa televisheni. Sina ubaya na televisheni, naiangalia mpaka inaniangalia. Lakini nimeona majina yakibadilika kama nguo. Tulipookoka wote tukawa Beatrice na Florence, mimi mwenyewe kanisani ni Florence, ingawa nikiitwa hivyo nageuka nyuma nione ni nani anaitwa. Halafu wakaja akina Sharon, halafu akina Shantel, na wengine siwezi kuwataja, ulimi unakwama. Na sasa kumbe yale yetu ya zamani, ya moshi wa jikoni, yanarudi. Mjukuu wangu Mwende ananiambia huko Nairobi ukiwa na mtoto anaitwa Nthenya ama Nzilani, wasichana wenzako wanakuonea wivu. Nzilani, jina la mtoto aliyezaliwa njiani mama akitoka kuchota maji, leo ni jina la mtoto wa gorofa. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Mwende akaniuliza, "Susu, gani ingine itarudi?" Nikamwambia Syombua itarudi, kwa sababu ni jina la mvua, na mvua hakuna mtu anaichukia. Wayua sijui. Wayua ni mtoto wa kiangazi, na kiangazi hata kikiwa jina watu wanakiogopa.

Hayo tulikuwa tunaongea kwa raha, kabla ya matanga ya Ndinda. Ndinda alikuwa mke wa kaka ya mume wangu. Tuliolewa hapa Kasikeu karibu wakati mmoja, boma moja, milango yetu ikiangaliana, na juzi tumemzika akiwa mzee kama mimi. Sasa nimekaa kwa kiti cha plastiki chini ya hema, nimepewa chai, kijana anasoma maisha ya marehemu kwa kipaza sauti, na kando yangu amekaa msichana amebeba mtoto mnene, mzuri, ananivuta kitambaa cha kichwa. Huyo msichana ni mke wa mjukuu wa Ndinda, wanakaa Nairobi, sikuwa namjua vizuri. Nikamuuliza mtoto anaitwa nani. Akasema, "Anaitwa Syokau, susu." Chai ilinimwagikia yote kwa nguo. Alidhani ni mkono wa uzee, akanipangusa na kitambaa cha mtoto, pole susu, pole susu. Haukuwa uzee. Syokau alikuwa mama yangu. Na katika hili boma lote, mtu aliyehakikisha hakuna mtoto ataitwa Syokau alikuwa amelala ndani ya lile sanduku mbele yetu, na maua juu yake.

Basi wacha nikuambie ule mwaka. Nilikuwa na mimba ya mtoto wa pili. Mume wangu Mutiso alikuwa anafanya kazi Emali, kupakia na kupakua malori, anakuja nyumbani Jumapili akinuka simiti, analala, anaenda. Kwa hivyo maisha yangu yote yalikuwa jikoni kwa mama yake. Hiyo jikoni naiona hata sasa nikifunga macho. Ukiingia unainama, ukiinuka macho yanalia, halafu unazoea. Mawe matatu, chungu cha maharagwe ambacho sikumbuki kama kiliwahi kutoka motoni, vibuyu vimening'inia juu vimekuwa vyeusi kama viatu vya mwalimu, na kwa pembe kuku amelalia mayai na hakuna mtu anaruhusiwa kupita karibu naye. Mama mkwe wangu Kavutha alikuwa anakaa kwa kigoda, mwanamke mkubwa, maneno machache, mwiko mrefu. Alinipenda. Nasema hivyo leo na sitaki mtu anibishie, kwa sababu mtu akikupenda unajua kwa sahani. Akipakua muthokoi, ile mahindi tuliyotwanga wenyewe mpaka ganda likatoka, alikuwa ananiwekea ya juu, yenye samli, anasema mwenye tumbo kwanza. Mimi na Ndinda tulikuwa tunakulia sahani moja. Tukifika mwisho vidole vinapigania maharagwe ya mwisho, na yeye ananisukumia, "Kula, wewe ni wawili." Yeye pia alikuwa wawili, tena tumbo lake lilikuwa mbele ya langu, lakini alinisukumia.

Mtoto wangu wa kwanza alikuwa msichana, na alipewa jina la mama mkwe, kama inavyotakiwa. Msichana wa kwanza ni wa mama ya mume, wa pili ni wa mama yako wewe. Shida yake ni kwamba sikuweza kumkaripia. Nitamwambiaje Kavutha wewe ni mchafu, na Kavutha mwenyewe amekaa pale na mwiko? Akitia mkono kwa sukari nilikuwa nasema polepole, "Mama, tafadhali, toa mkono." Ndinda alikuwa anacheka mpaka anatoka nje. Lakini huyo wa pili, huyo nilimngoja kwa moyo mwingine. Mtu mwenye watoto wengi jina lake linatembea lenyewe, utalikuta Emali, utalikuta Matiliku, utalikuta mpaka Mombasa. Mama yangu alikuwa na mimi peke yangu. Nikikosa mimi kumzaa tena, hakuna mwingine wa kumzaa. Na ukipata mtoto mwenye jina la mamako humwiti kwa jina, unamwita mwaitu, mama yangu. Mimi nilikuwa natwanga mahindi na kwa roho nafanya mazoezi ya kumwita. Mwaitu, njoo unyonye. Mwaitu, nani amekuliza. Siku moja mama mkwe alikuwa anasonga ugali, na bila mtu kumuuliza, akasema, "Huyu akiwa msichana ni Syokau. Nitamtaja mimi mwenyewe." Kutaja ilikuwa haki yake. Nilishukuru mpaka nikakosa maneno, na unaona vile mimi huwa sikosi.

Ndinda alijifungua kwanza. Alikuwa mvulana, na hakufika siku ya tatu. Siku ya tatu ndiyo wanawake wanakuja kumpa mtoto jina, na kabla ya hapo hata hahesabiwi kuwa ni mtu kamili, ni mgeni tu amesimama mlangoni hajaamua kama ataingia. Kwa hivyo akienda, hakuna matanga, hakuna kulia kwa sauti. Wanawake wawili walimbeba kwa leso, wakaenda nyuma ya zizi, wakarudi, wakanawa mikono, na mama mkwe akaweka chungu motoni kama siku nyingine. Ndinda alikaa nyumbani kwake ameangalia ukuta. Nilikuwa nampelekea uji wa wimbi, naukuta baadaye umeweka ngozi juu. Watu walikuwa hawajui wamwambie nini, kwa sababu utamwambia pole ya nani? Alasiri moja nikabeba karai la mbaazi, nikaketi kwa sakafu kando yake nikaanza kuambua, ili mikono iwe na kazi. Nikamwambia kitu ambacho sikuwa nimeambia mtu, hata Mutiso. Nikamwambia, "Ndinda, mama yangu alizika wanne kabla yangu. Watu wanadhani alizaa mmoja. Alizaa watano. Na leo ukimpata shambani anaimba." Mama aliniambia hayo mara moja tu, kabla sijaolewa, tukiwa tunapepeta mtama, halafu akaendelea kupepeta. Ndinda akageuza uso kutoka ukutani. "Wanne?" Nikasema wanne. "Na anaimba?" Nikasema anaimba, tena vibaya, hana sauti. Akacheka kidogo, cheko la pua. Akavuta karai katikati yetu, akaanza kuambua. Jioni ile alikula. Nilirudi kwangu nimefurahi sana, nikifikiri mama yangu ameponya mtu akiwa mbali huko Mutomo na hata hajui.

Mimi nikajifungua wakati wa kuvuna, msichana, ana nywele mpaka kwa uso. Mama mkwe alinilaza kwake, chumba cha ndani, kitanda cha kamba. Mutiso akapata mtu wa lori anayeenda upande wa Kitui, akatuma neno: mgeni amefika, ni msichana. Mama hakuhitaji kuambiwa zaidi. Alifika kesho yake jioni na kibuyu cha asali, chupa ya samli, na kiondo kidogo alichosuka mwenyewe, kidogo hivi, hata embe mbili haziingii. Akasema ni cha mwenyewe, akikua aende nacho sokoni. Hakutaja jina, hairuhusiwi kulitaja kabla, lakini alimchukua mtoto, akamwangalia pua, akamwangalia vidole vya miguu, akasema, "Haya, wewe. Umerudi ukiwa mzuri kuliko mimi." Tulicheka mpaka mama mkwe akauliza kutoka nje kuna nini.

Asubuhi iliyofuata mama alienda mtoni kuoga, ajitengeneze kwa sababu ya siku yake. Mimi nimelala, mtoto yuko kwa titi. Ukuta wa kile chumba haukufika kwa paa, na upande wa pili ndio walikuwa wanapika chakula cha wageni. Nikasikia Ndinda ameingia kwa mama mkwe.

"Mama, wewe unajua mama ya Nduku alizaa wangapi?"

"Mmoja. Si ni huyu Nduku?"

"Alizaa watano. Wanne wako chini ya udongo."

Mwiko ukasimama. Nilisikia kabisa ukisimama.

"Nani amesema hiyo?"

"Nduku mwenyewe, kwa mdomo wake, amekaa kwangu." Ndinda alikuwa hapigi kelele, alikuwa anaongea kama mtu anayeomba chumvi. "Mama, mtoto anafuata mwenye jina. Ni wewe ulinifundisha. Mimi najua kutoa mtoto kwa mikono yangu apelekwe nyuma ya zizi. Unataka tulete tena mwanamke wa makaburi, tumuweke kwa hiki kidogo?"

"Ongea polepole. Ataskia."

"Askie. Kesho hataskia tena kitu, akiwa amezika kama mimi."

Kuku wa mayai akalia pale kwa pembe. Halafu mwiko ukaanza kuzunguka tena. Mama mkwe akasema, "Nitaona." Hakusema kitu ingine.

Wewe ungefanya nini? Mimi nimefikiria hiyo asubuhi mpaka nimezeeka. Ningetoka na damu yangu ya uzazi nikasimame jikoni? Nililala pale, maziwa yakinitoka, nikajiambia Kavutha ni mtu wa neno moja, amesema atamtaja na atamtaja. Mama aliporudi kutoka mtoni alikuwa amefunga leso mpya, miguu imesuguliwa na jiwe mpaka inang'aa. Akaniuliza kama niko sawa. Nikasema niko sawa.

Wanawake wakaja. Wale waliozaa tu, ndio wanaingia. Wakakaa kwa mikeka wamenyoosha miguu, chumba kikajaa jasho na sabuni na harufu ya wali, na wali siku hizo ilikuwa kitu ya Krismasi. Mama yangu alikaa karibu na mlango kwa sababu yeye ni mgeni. Nikampa mama mkwe mtoto. Huwa anamwangalia mtoto kwanza, kila mtu ananyamaza, halafu anataja, halafu wengine wanarudia, na likisharudiwa limeingia. Kulitoa ni kumfukuza mtoto, ataanza kuugua siku hiyo hiyo, na hakuna mama atajaribu. Kavutha alimwangalia mtoto muda mrefu. Mimi hakuniangalia. Akasema, "Huyu ni Katunge."

Katunge alikuwa shangazi yake wa Matiliku, mama mwenye watoto hata hawaenei kwa nyumba, ng'ombe nyingi, meno yake yote kinywani. Jina halina makosa. Lakini halikuwa la kwangu, halikuwa la zamu hiyo, na kila mwanamke pale alijua. Kulikuwa na pumzi moja ya kimya, mtu angeweza kuingia hapo akauliza, je, si ni Syokau. Ndinda ndiye aliingiza neno. Alisema, "Katunge," sauti safi, na wengine wakamfuata, Katunge, Katunge, na ikaisha.

Nikaangalia mlangoni. Mama alikuwa amefungua mdomo kidogo, na uso wake ulikuwa umeshajiandaa kucheka, kama mtu anayenyoosha mkono kusalimiwa na yule mwingine anampita anasalimia aliye nyuma yake. Uso ulikaa hivyo. Halafu akasema na yeye, "Katunge," kwa nguvu kuliko wote. Akaomba mtoto. Akamtemea mate kidogo kifuani ya kumbariki, akasema, "Katunge, ukue, uwe na wengi." Akafungua asali yake, akampaka kwa mdomo kwa kidole. Akala wali, akausifu. Akamuuliza mama mkwe ameutia nini, unanukia vizuri hivi. Na mama mkwe, mwanamke mkubwa hivyo, akaanza kukusanya sahani ambazo watu walikuwa hawajamaliza.

Kesho yake mama akasema mbuzi zake hazina mtu, ataenda. Alikuwa amepanga kukaa mpaka nipate nguvu. Nilimsindikiza mpaka kwa ua, sikuruhusiwa kuvuka. Akasema, "Nduku, mtoto amepata jina la mtu wa bahati. Mnyonyeshe vizuri." Halafu akaniangalia. Hakuniuliza. Afadhali angeniuliza. Alikuwa anajua, kwa sababu jina la mtu haliachwi hivi hivi, na hakuna mwingine chini ya jua aliyekuwa na ile habari ya wale wanne ila mimi. Nikataka kusema, mwaitu, ni Ndinda, nilimpa akiwa anakufa kwa huzuni. Lakini Ndinda alikuwa anafagia pale karibu, na mama alishageuka. Mama alikufa kabla ya kiangazi kilichofuata. Watu walisema kifua. Kwa hivyo hilo ndilo Ndinda alichukua. Jina, ningelilia, ningenyamaza. Lakini mama yangu alienda akijua mtoto wake mmoja ndiye alimuuza, na mimi sikuwa nimemuuza, mimi nilikuwa nimemtoa kama dawa.

Nilimuuliza Ndinda, eh. Usidhani mimi ni wa kunyamaza. Nilimngoja mtoni, pale kwa mchanga tulikokuwa tunachimba maji, kila mtu na kata yake ndani ya shimo. Nikamwambia, "Ndinda, ulitoa maneno yangu."

"Nilitoa." Hakukataa hata kidogo.

"Kwa nini?"

Akachota, akamwaga kwa debe, akachota tena. "Wangu hakuna mtu alimuokoa. Wako nimemuokoa."

"Nani alikuambia anataka kuokolewa?"

Sasa akaniangalia. "Mtoto wako yuko hai ama hayuko?"

"Yuko."

"Anakohoa?"

"Hapana."

"Ako na homa?"

"Hapana."

"Basi," akasema, akavuta kamba ya debe kwa kipaji cha uso, akainuka na maji yake, akaenda.

Katunge alikua mwenye nguvu kama punda. Surua ilipita hapa ikachukua watoto wa watu, ikamgusa na kumwacha. Kila akipita mbio uwanjani, Ndinda alikuwa anasimamisha kazi yake anamwangalia, halafu ananiangalia mimi, kama fundi anayeangalia ukuta wake haujapasuka. Na mimi siwezi kuomba mtoto wangu augue ili nishinde. Nimepika na huyo mwanamke kwa matanga ya mama mkwe, na ya waume zetu wote wawili. Tumeombana chumvi na moto na kiberiti. Tumechekeshana pia, sitakudanganya, alikuwa na mdomo mzuri wa mzaha, na kuna siku nilisahau kabisa, mpaka nikaona mikono yake ikiambua kitu. Lakini sahani moja hatukula tena. Hakuwahi kuuliza kwa nini.

Sasa rudi na mimi chini ya hema. Msichana amenipangusa chai, mtoto bado ananivuta kitambaa, na mimi namuuliza, "Jina ni la nani?"

"Vipi, susu?"

"Syokau. Ni Syokau gani mlimpa?"

"Ah, si la mtu. Tulikuwa tunataka jina ya zamani, ya kikwetu, tukaangalia kwa simu. Hiyo ilikuwa fiti tu. Na hakuna mwingine anaitwa hivyo."

"Hakuna mwingine," nikasema.

"Saa hii majina za zamani ndio ziko juu, susu. Rafiki zangu wote waliniambia wanaiiba."

Nikamuuliza, "Na huyu," nikaonyesha sanduku na kidevu, "mlimwambia?"

Akacheka akiziba mdomo kwa sababu ya matanga. "Alitusumbua huyo. Tulipomwambia aliomba tulirudie mara mbili. Halafu akasema hilo jina liko na mwenyewe, twende kwanza tuulize ule mlango mwingine. Tukadhani ni uzee umeanza. Kwani mwenyewe ni nani?"

Kijana wa kipaza sauti alikuwa amefika mahali pa kusema marehemu alipenda watu. Huyo mtoto ameshaota meno. Tangu azaliwe, Ndinda amekuja kwangu kuazima ungo. Amekaa kwa kiti changu, amekunywa maji yangu, tumeongea habari ya mbaazi kukataa mwaka huu. Alikuwa anajua. Alikuwa anajua ni la nani na kwamba linafaa kuombwa, na kutoka mlango wake mpaka wangu mtoto anatambaa anafika. Akarudisha ungo, akafa. Mimi nilikuwa nafikiri huyo mwanamke aliamini kweli, kwamba mtoto anafuata mwenye jina, na kwa hiyo imani nilimpunguzia hasira kidogo kila mwaka. Sasa wa kwake anaitwa Syokau, na hakupiga kelele, hakuita mtu jikoni. Alisema mara moja, akanyamaza.

Sikumwambia yule msichana. Ana kosa gani? Nilimwambia mwenyewe alikuwa mtu wa Mutomo, alikuwa anapenda asali na kuimba vibaya. Akanipa mtoto nimbebe. Alikuwa mzito, ananuka mafuta mazuri, akanicheka. Nikajaribu kumwita mwaitu. Nikajikuta namwita mtoto mzuri tu. Huyo alikuwa mtoto wa watu, amevaa jina kama kofia, na mama yangu hayuko ndani. Nikambusu, nikamrudisha.

Jioni Mwende alinipata nimekaa jikoni bila kuwasha taa, na ile nguo ya chai bado. Mwende ni binti wa Katunge wangu. Ako na tumbo la pili, daktari amemwambia ni msichana tena, na wa kwanza alishapewa jina la mama ya mumewe. Kwa hivyo huyu ni wa upande wetu, wa Katunge mwenyewe, na Katunge alishamwambia, "Mimi kwa jina nimejazana Matiliku, usiniongeze." Mwende akaniuliza nini mbaya. Nikamwambia yote, vile nimekuambia wewe. Alikuwa hajawahi kusikia. Alilia kidogo, akashika tumbo, akasema, "Susu, basi huyu ni Syokau. Nakuahidi."

Nikainua mkono. "Usiniahidi. Hilo jina nimeshaahidiwa, hapa hapa Kasikeu, na mtu aliyekuwa ananipenda, ameshika mwiko. Na sasa watu watasema tumeiga wale wa Ndinda."

"Wacha waseme."

"Mumeo je? Na rafiki zako na simu zao? Na kama mtoto atapata homa, mtu akikuambia kitu kwa sikio?"

Akavuta kile kigoda kifupi, akakaa na tumbo lake lote mbele yangu, magoti yetu yakagusana. Akafikiri. Halafu akasema, "Sawa, susu. Jina sitakuahidi. Nakuahidi hii. Nikitoka hospitali nakuja hapa moja kwa moja, mtoto akiwa amefunikwa, hana jina, hata kwa simu sitamtumia mtu picha. Siku ya tatu mama atakuwa amekaa hapo, na wanawake wako wote, wale wa kurudia jina. Na siku hiyo hakuna mkono wa mtu utamshika huyu mtoto kabla ya wako, na hakuna mtu atafungua mdomo kabla wewe hujamtaja."